Siku Wodi Nzima Ilipokuwa Tisini na Nane Nukta Nne

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaizungukazunguka kama kawaida yangu. Kwa siku kumi na saba niliandika homa za wagonjwa wa wodi ya wanaume, asubuhi na jioni, kwa mwandiko uliosifiwa na kila mtu pale hospitalini, na katika siku zote hizo kumi na saba sikuwahi hata mara moja kuona kipimo kinasema nini. Niliandika tu. Na mtu mmoja nusura afe, kwa hiyo mkicheka, chekeni mkijua hilo, maana mimi mwenyewe nilichelewa kulijua.

Mimi ni mtoto wa Usoke. Baba analima mahindi na karanga, na Jumapili anaimba sauti ya chini katika kwaya ya Wamoraviani, mbele kabisa, ambapo kila mtu anamwona. Shule nilisoma miaka miwili, mwalimu akahamishwa, shule ikafungwa, yaliyobaki nikajisomea mwenyewe pale stesheni kwa maandishi ya kwenye magunia na kwa vipande vya magazeti vilivyokuwa vimefungiwa chumvi. Nilikuwa naiga zile herufi kwa mkaa ukutani mpaka zikafanana kabisa (mama alilalamika, kisha akazoea). Basi hospitali moja ya Tabora ilipotafuta vijana wa kufundishwa udresa, kazi ya kufunga vidonda na kuuguza, nilikwenda kujaribu, na Bwana Daktari, Mwingereza mmoja mkimya mwenye ndevu, alitazama karatasi yangu muda mrefu, akanichukua. Tulikuwa saba. Wenzangu sita walikuwa na vyeti vya shule. Mimi nilikuwa na mwandiko.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyoishi. Nilijua kwamba siku watakapogundua kitu kimoja nisichokijua watagundua vyote, nitapandishwa treni ya kwanza kurudi Usoke, na baba ataimba Jumapili hiyo akitazama viatu vyake. Nilikuwa naamka mapema kuliko wote ili kukunja blanketi langu mara ya pili.

Aliyetufundisha hakuwa Bwana Daktari, kwa sababu yeye alikuwa na wilaya nzima ya kuzunguka, leo yuko Urambo, kesho yuko njiani. Alitufundisha Bwana Zakaria, dresa mkuu, mtu mrefu wa makamo, mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Bwana Zakaria alikuwa na kigoda. Kigoda hicho kilikaa kwenye kona ya wodi, na kazi yake ilikuwa moja: ukiuliza swali, unasimama juu yake, mbele ya wagonjwa, umeshika sufuria la choo kwa mikono miwili, mpaka somo liishe. "Anayeuliza," alisema Bwana Zakaria, "anatuambia kwamba nilipokuwa nikisema yeye alikuwa ameshughulika na mambo mengine." Siku ya pili ya mafunzo Yohana, mwenzetu wa kutoka Nzega, aliuliza tofauti ya dawa mbili zenye rangi moja. Swali zuri sana. Alisimama juu ya kigoda kuanzia saa tatu hadi saa sita, na sufuria halikuwa tupu.

Siku ya tatu tukafundishwa kipimo cha homa. Bwana Zakaria akakitoa ndani ya bomba lake, akakikung'uta, akakiinua dirishani mkono ukiwa umenyooka kabisa, mbali na uso (nikadhani ndiyo adabu ya kazi, na mimi nikaanza kunyoosha mkono vivyo hivyo), akasema ndani ya kioo kuna mstari wa zebaki, mstari unapoishia ndipo homa ilipo, kisha akatupitishia. Nilipofikiwa nilitazama. Niliona kioo. Niliona namba ndogondogo. Mstari sikuuona, ila palikuwa na kimshale chekundu kilichosimama wima penye tisini na nane na nukta nne (kwa digrii za Farenhaiti), kimechorwa vizuri sana, na mimi mtu wa maandishi nikajiambia, basi hiki ndicho chenyewe, wataalamu wanakiita mstari kwa heshima.

"Mmeona?" akauliza Bwana Zakaria.

"Tumeona," tukasema wote saba.

Hilo ndilo kosa langu lote, neno moja. Yaliyofuata yalijiendea yenyewe.

Kwa sababu ya mwandiko nilikabidhiwa karatasi ya homa ya wodi nzima, vitanda kumi na viwili. Siku ya kwanza wote walikuwa tisini na nane nukta nne. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikaanza kuingiwa na wasiwasi, maana palikuwa na mzee mwenye kichomi ambaye ungeweza kuchemshia uji mgongoni mwake, na kimshale kilikuwa palepale. Hapo ndipo mtu mzima mwenye akili angekwenda kusema. Mimi nilitazama kigoda, nikatazama karatasi, nikaona kwamba tatizo ni karatasi kuwa na namba za aina moja, haipendezi. Basi nikaanza kuzibadilisha kidogo: huyu nukta mbili, yule nukta sita, mwenye kichomi nikampa tisini na tisa kwa kumhurumia. Karatasi ikawa na miinuko na miteremko midogo midogo, kama vilima vya mbali. Bwana Zakaria aliitazama (kwa mkono ulionyooka), akasema, "Hii ndiyo kazi." Wenzangu walipopewa zamu ya kupima walikuwa wakija kwangu kimyakimya kuuliza, "Wewe umepata ngapi?" nami nawaambia, nao wanaandika. Nilidhani wananiheshimu.

Sasa niwaambie habari za Bwana Kondo. Kondo alikuwa Mzaramo, fundi wa kikosi cha reli, aliyeletwa na wenzake akiwa na homa kali. Walikuwa wamelala siku kadhaa katika nyumba ya udongo iliyoachwa, kando ya ile njia ya zamani ya misafara, na nyumba za namna ile nyufa zake huwa zimejaa papasi, wale kupe wa nyumbani, waliokuwa wakingoja wageni tangu enzi za wapagazi. Alipewa kwinini, homa ikashuka, akapata nafuu kiasi cha kuanza kusema. Bwana Daktari kabla ya kwenda safari Urambo alisimama penye kitanda cha Kondo, namba sita, akatuambia polepole, ili kila mmoja asikie: "Homa ya papasi inashuka, inakaa kama wiki, kisha inarudi. Ikishuka, vidudu havionekani kwenye damu. Ikipanda, vinaonekana. Kwa hiyo pimeni asubuhi na jioni, na siku itakayopanda chukueni damu yake saa ileile. Msingoje."

Yaani maisha ya mtu yule yalikuwa yamewekwa juu ya karatasi yangu.

Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, watani tangu enzi za misafara, basi mnajua mambo yalivyo. Siku ya kwanza tu nilipomwambia shikamoo hakuitikia marahaba, alisema, "Mpagazi, mizigo umeweka wapi?" na wodi ikacheka, nami nikamjibu kwamba mizigo nimeificha maana nimesikia Wazaramo wamefika, na tangu hapo ikawa kila asubuhi lazima watu wapate mchezo wao. Nilipomwekea kipimo mdomoni alikuwa akinitazama kwa jicho moja. Nilipokitoa na kukisoma alisema, "Jamani, mtazameni mtani wangu. Anakitazama kijiti kama mtu anayetazama kama treni inakuja. Hajui kukisoma huyu."

Wodi ilicheka sana. Mimi pia nilicheka. Bwana Zakaria, ambaye hacheki, alipitisha mkono mdomoni.

"Babu yake alibeba pembe kutoka hapa mpaka kwetu pwani, miezi mitatu, hakudondosha hata moja," aliendelea Kondo, "na huyu kijiti cha kioo kinamlemea."

Alisema hivyo kila siku. Kila siku alisema ukweli mtupu mbele ya watu ishirini, na kwa kuwa alikuwa mtani wangu hakuna aliyemsikia. Mgonjwa mwingine yeyote angesema neno lile mara moja tu ningekuwa juu ya kigoda kabla ya uji.

Ijumaa asubuhi dada Skola alinifuata dirishani. Skola alikuwa mwanamke wa usafi wa wodi, Mkatoliki, amefanya kazi miaka mingi kwa masista wa misheni kwenye nyumba ya kujifungulia kabla ya kuja kwetu. Alikuwa akipiga deki wakati wa masomo, na Bwana Zakaria alimwambia apige deki upande wa mbali, masomo si yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka Elia, yule wa kitanda cha sita amerudiwa. Nimemshika mkono nikimpa maji. Anawaka."

Na mimi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu nafunika uso. Nilimwonyesha karatasi.

"Dada," nikamwambia, "karatasi inasema hana homa."

Skola aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akachukua ndoo yake.

Msidhani sikushtuka. Nilishtuka sana. Nilikwenda kwa Kondo nikampima tena, kimshale kikasema tisini na nane nukta nne, nikamgusa paji la uso, mkono ukaniambia jambo jingine kabisa, na kati ya mkono wangu na kile kimshale niliamini kimshale, kwa sababu mkono wangu ni wa Usoke na kimshale kimetoka Ulaya. Kondo alikuwa amefumba macho. "Bado treni haijaja?" akauliza. Nikasema bado. Akasema, "Ikija niamshe," na jirani zake wakacheka.

Halafu ikaja habari kwamba Jumatatu atafika daktari mkubwa kutoka Dar es Salaam kukagua mafunzo, pamoja na mke wa Bwana DC, mkuu wa wilaya, na Bwana Zakaria akaamua karatasi yangu ibandikwe ukutani kama mfano. Mnaona jinsi shetani anavyojua kupanga. Jumamosi nikainakili upya yote kwenye karatasi safi, na kwa kuwa nilitaka wino ukauke vizuri usije ukachafuka mbele ya wageni, nikaandika kabisa na ya Jumapili, na ya Jumatatu. Ya jioni pia.

Jumatatu wageni wakaingia. Bwana Daktari wetu amerudi kutoka Urambo, ana vumbi mpaka kwenye ndevu. Daktari mkubwa alikuwa mzee mnene mwenye adabu, anasema Kiswahili kilichonyooka kupita chetu. Alisimama mbele ya karatasi yangu, mikono nyuma, akasema, "Nani ameandika?" Nikajitokeza. Niliona masikio yangu mwenyewe yakipata moto.

"Mwandiko huu ni mzuri sana. Na wa kitanda cha tisa, anaendeleaje?"

"Vizuri, bwana. Hana homa."

Daktari mkubwa akageuka, akatazama kitanda cha tisa. Kilikuwa kimetandikwa vizuri, na hapakuwa na mtu. Mgonjwa wake alikuwa amerudi kwao Urambo tangu Jumamosi jioni.

"Yuko wapi?" akauliza.

Sauti ikatoka kitanda cha sita, nyembamba, meno yakigongana: "Yuko kwao. Mtani wangu anampima kwa mbali."

Wodi ikapasuka. Daktari mkubwa aliuliza maana ya mtani, Bwana Zakaria akamweleza, akafurahi sana, akatoa daftari akaandika. Mke wa Bwana DC akaeleweshwa naye akacheka. Nikadhani nimeokoka. Kisha daktari mkubwa akasema, "Basi mpime huyu mtani wako, sote tuone."

Nilimpima Kondo. Dakika zile mbili zilikuwa ndefu kuliko reli ya Kigoma. Nikakitoa kipimo, nikanyoosha mkono kuelekea dirishani, nikasema kwa sauti iliyonyooka, "Tisini na nane na nukta nne."

Daktari mkubwa akakipokea, akakigeuza kidogo kwa vidole viwili. Hakunikemea. Alimpa Yohana. "Wewe unaona ngapi?"

Yohana alikitazama kwa uangalifu mkubwa. "Tisini na nane na nukta nne, bwana."

Akampa wa tatu. Nukta nne. Wa nne akakisogeza jichoni, akakipeleka mbali, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika: nukta nne. Wa tano, wa sita, wa saba. Kila mmoja alitazama kwa makini kabisa, kila mmoja alijibu kwa kujiamini, na mimi niliyesimama pale nilianza kuelewa, kidogo kidogo, kama mtu anayesikia maji yakiingia ndani ya nyumba, kwamba wenzangu hawakuwa wakija kwangu kwa sababu ya heshima.

Mwisho akampa Bwana Zakaria. Bwana Zakaria alinyoosha mkono wake mpaka ukaisha. Akarudisha kichwa nyuma.

"Tisini na nane na nukta nne," akasema Bwana Zakaria. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Kasoro kidogo."

"Mia na nne," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Skola, na ndoo yake. Hakuwa amekishika kipimo, alikuwa amemtazama Kondo tu. Daktari mkubwa akamwita kwa kidole, akampa. Skola akapangusa mkono kwenye kanga, akakigeuza polepole, kama alivyofundishwa na masista, mpaka mwanga ukakaa mahali pake, akasema, "Mia na nne na nukta mbili, bwana. Nilipunguza."

Bwana Daktari wetu hakuwa akitazama kipimo tena. Alikuwa ameweka mkono kwenye paji la uso la Kondo na hakuuondoa. "Damu ya mtu huyu ilichukuliwa lini?" akauliza. Kondo akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani wowote usoni.

"Bwana, mimi nilisema," akasema. "Kila siku nilisema hawezi kusoma. Walicheka."

Nilitamani mtu yeyote acheke sasa. Hakuna. Basi nikasikia sauti ikisema, "Sioni, bwana. Huo mstari sijauona tangu siku ya kwanza. Ninaona kimshale," na ilikuwa sauti yangu, na sikuwa nimeituma. Nyuma yangu Yohana akasema, "Hata mimi." Kisha mwingine. Walifuatana wote sita, kama watu wanaojibu majina.

Damu ikachukuliwa saa ileile, ikawekwa chini ya hadubini, vidudu vilikuwa vimejaa, Kondo akapigwa sindano. Bwana Daktari akabandua karatasi yangu ukutani, hakuichana, aliikunja vizuri akanirudishia, na hilo liliniuma zaidi. Akanipa karatasi tupu. "Andika ulichokiona," akasema. "Kama hujaona, andika hujaona." Karatasi ya jioni ile iko mpaka leo: vitanda kumi na kimoja, na mara kumi na moja, kwa mwandiko mzuri sana, neno *sijaona*.

Nilifunga sanduku langu nikingoja kuambiwa treni yangu ni ya lini. Siku nzima ya Jumanne nilikaa na Kondo nikimkanda kwa kitambaa cha maji, naye alikuwa akiongea na watu wasiokuwapo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mpagazi. Nilimwomba anitukane. Hakunitukana.

Jumatano asubuhi Bwana Zakaria aliingia wodini, akaenda kwenye kona, akakichukua kigoda. Sote saba tulisimama wima, tukijua zamu ni yetu, tukijiuliza tu tutatosha vipi. Akakibeba mpaka dirishani, akakiweka chini, akakaa yeye. Magoti yakamfika kifuani. Akatoa kipimo kwenye bomba lake.

"Binti Skola," akasema, bila kumtazama mtu. "Weka ndoo chini. Macho yangu hayaoni vitu vya karibu mwaka wa tatu sasa. Nionyeshe."

Skola aliweka ndoo chini. Alisimama nyuma ya bega lake, akamshika mkono, akaugeuza taratibu, kidogo, kidogo, rudi, hapo. Bwana Zakaria alikaza macho, mkono ukiwa umenyooka. "Hapana," akasema. "Bado." Skola akaanza tena. Ilipotimia mara ya nne naye bado hajaona, akatugeukia. "Mimi nitahitaji miwani. Ninyi mna udhuru gani? Njooni, na asiyeona aseme hajaona, na akisema ameona namwuliza ameona nini." Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Skola akaniambia, "Kaka, usikitazame. Kigeuze tu, kitajionyesha chenyewe." Nikakigeuza, na mstari ukatokea ghafula, mnene, mweupe kama fedha, upana wote, na kimshale kumbe kilikuwa alama tu ya joto la mtu mwenye afya. Nilisikia hasira kwa jinsi ulivyokuwa rahisi.

Nikaenda nacho moja kwa moja kitanda cha sita. Kondo alikuwa amekaa, amekonda, shuka limelowa jasho, amepakata bakuli la uji kama mtu anayelinda mali. Nikampima. Nikangoja. Nikakigeuza kuelekea mwanga, nikauona mstari unapoishia, nikatazama tena, na tena.

"Sema," akasema Kondo.

"Tisini na nane," nikasema, "na nukta nne."

Wodi nzima ikalia *aaah*. Yohana akaweka mkono kichwani. Bwana Zakaria akainuka kwenye kigoda.

"Mwiteni dada," akasema Kondo kwa sauti ya upole kabisa. "Mpagazi amerudi palepale."

Skola alikuja, akakichukua, akakigeuza mara moja. Tukangoja, na mimi nilingoja kuliko wote. "Ni kweli," akasema.

Ndipo nikaandika, na treni ya kurudi Usoke hakuna aliyenitajia tena. Baba bado anatazama mbele akiimba, maana habari hizi hakuzisikia kwangu (akizisikia kwenu nitajua ni nani). Siku hizi ninawasaidia wanaoanza udresa, na nimejiapia sitauliza tena "Mmeona?" mbele ya watu wenye hofu. Nauliza nani bado hajaona, na mkono wa kwanza kuinuka huwa wangu, hata kama nimeona, na kigoda tunakitumia kukalia. Kondo kila akipita Tabora na kikosi chake hufika mlangoni, hanisalimu, hunyoosha mkono kama mtu anayetazama kitu cha mbali, akauliza wodi kama treni imeshafika.